Kompyuta ya gemu kwa pesa kidogo: kuchagua vipuri ukiwa Kigoma

Kipuri kikishapanda basi la Kigoma, kimekuwa chako. Kutoka Kariakoo hadi hapa Mwanga ni zaidi ya kilomita 1,200, na muuzaji aliyekwambia "ikisumbua utairudisha" anajua kabisa kwamba nauli ya mzigo, siku za kusubiri na simu za kubembeleza zitakuchosha wewe kabla hazijamgusa yeye. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na kadi ya grafiki, kipuri kinachochora picha kwenye kioo, ingawa najua ndiyo iliyokuleta. Kijana wa Dar es Salaam akiuziwa kipuri kibovu anapanda daladala kwenda kugombana. Sisi wa mwisho wa reli tunachagua kwanza kisichotulazimisha kurudi, kisha ndipo tunatafuta chenye kasi.

Nitaeleza kwa mfano wa mpwa wangu wa Ujiji, aliyechoka kulipia dakika kwenye kibanda cha gemu. Alikuja na akiba yake ya kupakia dagaa Kibirizi, pamoja na orodha ya vipuri aliyoinakili mtandaoni. Ilikuwa orodha nzuri kwa mtu mwenye umeme uliotulia na duka la vipuri mtaa wa pili. "Mjomba, mbona unaanza kufuta?" aliniuliza. Nilimjibu kwa kumpa karatasi nyingine.

Hatua ya 1: Andika gemu zako, kisha tazama kioo

Andika gemu tatu tu unazozitaka kweli. Kila moja itafutie mahitaji yake kwenye ukurasa wa mtengenezaji au wa Steam, duka la gemu la mtandaoni. Utakuta safu mbili, ya kiwango cha chini na ya kiwango kinachopendekezwa, na bajeti ndogo huangukia katikati ya hizo mbili. EA Sports FC 24, kwa mfano, iliomba angalau kadi ya GTX 1050 Ti yenye GB 4 au RX 570 (GTX na RTX ni za kampuni ya NVIDIA, RX ni za AMD), RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015 ilipendekeza GTX 660, kadi ambayo leo inapitwa mbali hata na za daraja la chini. Counter-Strike 2 na Valorant huegemea zaidi prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa, jambo linalozifungia nje kompyuta nyingi za zamani hata kama zina kadi nzuri.

Sasa kioo. Monita ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Monita ya mtumba ya inchi 20, zile za 1600 kwa 900, ina nukta 1,440,000. Kadi ya grafiki huzichora nukta zote upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja, kwa hiyo hiyo ndogo inaipunguzia kadi kazi kwa asilimia 30 hivi. Mpwa wangu alikuwa tayari na monita ya 1600 kwa 900, naye alikuwa anaionea aibu. Nikamwambia aitunze, kwa sababu ndiyo itakayofanya kadi ya bei ndogo ionekane kadi kubwa.

Angalia tu matundu ya nyuma. Monita nyingi za ofisi za zamani zina VGA peke yake, na kadi za GTX 10 na zilizofuata hazitoi tena picha ya VGA. Chagua yenye HDMI au DisplayPort, au uongeze adapta ya kubadili HDMI kuwa VGA kwenye hesabu yako mapema. Adapta ni kitu kidogo, lakini kukikosa siku ya kuwasha ni kungoja basi lingine.

Hatua ya 2: Umeme kabla ya kasi

Kwa miaka mingi mji huu uliwashwa na majenereta ya dizeli kabla ya Gridi ya Taifa kutufikia, na kila mwenye friji hapa ana kisa chake cha kusimulia. Umeme hukatika, hurudi kwa kishindo, jioni nyingine unapungua mpaka feni inazunguka kwa uvivu, na masika huja na radi juu ya ziwa. Kipuri kinachosimama kati ya hayo yote na pesa yako ni pawa saplai, kisanduku kinachoupokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Hapo ndipo wengi hubana matumizi, na hapo ndipo nakuomba usibane.

Geuza pawa saplai usome lebo ya ubavuni. Achana na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, tafuta mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi ya grafiki hula hapo. Zidisha ampea za mstari huo kwa 12. Nimeshika pawa saplai iliyoandikwa 500W kwa maandishi ya kung'aa, na kwenye lebo mstari wa volti 12 ulikuwa na ampea 18. Mara 12 unapata wati 216. Hizo ndizo wati ulizonunua. Ukikuta mistari miwili ya volti 12, usiijumlishe mwenyewe, tafuta jumla iliyoandikwa chini yake, kwa sababu mara nyingi ni ndogo kuliko hesabu yako.

Unahitaji kiasi gani? Chukua wati za prosesa, ongeza za kadi, ongeza 50 za mazabodi (ubao mkuu unaobeba vipuri), diski na feni, kisha ongeza nusu ya jumla hiyo. Prosesa ya wati 65 na kadi ya wati 132 inakupeleka kwenye 247, na ukiongeza nusu unafika 370 hivi. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 yenye alama ya 80 PLUS Bronze, ya kutopoteza umeme mwingi, inatosha na kubaki. Sioni sababu ya mtu wa bajeti kununua wati 750.

Kitu cha pili kwenye lebo, ambacho watu huku hawakitazami nacho ni muhimu kuliko alama ya Bronze, ni mstari wa umeme unaoingia. Pawa saplai iliyoandikwa 100–240V hujirekebisha yenyewe, kwa hiyo umeme ukishuka jioni hadi volti 170 yenyewe inaendelea kazi. Zile za bei ya kutupa, na nyingi za mtumba wa zamani, zina kiswichi chekundu nyuma cha kuchagua 115 au 230. Niliwahi kuagiza moja ya mtumba, ikaja kiswichi kikiwa kwenye 115, nami nikaichomeka ukutani bila kugeuza shingo. Ulitoka mlio kama fataki, moshi ukajaa, na harufu ilikaa chumbani siku mbili. Mazabodi ilipona, SSD (diski ya kuhifadhia) haikupona, na picha za msiba wa bibi zilikuwa humo. Tangu siku hiyo sinunui chenye kiswichi.

Halafu kuna UPS, betri inayoshika zamu umeme ukikatika. Iliyoandikwa 650VA haibebi wati 650. Nyingi za daraja hilo hubeba nusu yake au zaidi kidogo, kwa hiyo soma wati. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima, si kumaliza mechi. Jambo jingine ni kwamba UPS za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi, na baadhi ya pawa saplai nzuri hazielewani nao, zinazimika papo hapo UPS inaposhika zamu. Ukinunua hapa mjini, omba ujaribu dukani ukiwa na kompyuta yako, washa kitu kizito kisha chomoa UPS ukutani uone.

Kama pesa ya UPS haipo bado, nunua kile kifaa cha kulinda friji ambacho umeme ukirudi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu upite. Hakitaokoa mechi yako umeme ukikatika, lakini kitakinga kile kishindo cha kurudi, na hicho ndicho huua vipuri. Radi ikianza kunguruma, chomoa plagi, na kama intaneti yako inatoka kwenye antena ya juu ya paa kwa waya, chomoa na huo waya. Wengi hukumbuka plagi na kusahau waya wa mtandao, kisha mazabodi inaungulia upande huo.

Ukigusa kasha la chuma ukahisi linakutekenya vidole, soketi yako haina ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini. Mwite fundi umeme kabla hujachomeka kadi ya mamia ya maelfu.

Hatua ya 3: Mashine ya ofisi au kujenga upya

Hapa njia zinagawanyika. Ya kwanza ni kununua kompyuta ya ofisi ya mtumba, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, na kuiongezea kadi ya grafiki. Ya pili ni kununua kila kipuri peke yake. Kwa mwenye pesa iliyobana kabisa, na hasa akiwa mbali na Dar es Salaam, mimi huelekeza njia ya kwanza bila kusita. Prosesa, mazabodi, RAM na pawa saplai vimeshakaa pamoja miaka kadhaa, vinaelewana, na vinapimwa kwa pamoja kwa kuwasha mara moja. Kipuri kimoja kimoja kutoka maduka matano kina nafasi tano za kukosea.

Ila chagua umbo. Mashine hizi huja kwa maumbo matatu: mnara, lile jembamba la kulala, na lile dogo kama kitabu. Dogo kwa kawaida halina nafasi ya kadi. Jembamba hupokea kadi fupi za nusu kimo tu, ambazo ni adimu na ghali. Nunua mnara. Na ujue kwamba pawa saplai zake mara nyingi ni za wati 250 hivi, zenye vichwa vya waya vya kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuchomoa na kuweka yoyote. Kadi yako italazimika kuwa ile inayokula wati 75 au pungufu, umeme wote ukitoka kwenye tundu lake la mazabodi.

Chagua pia kizazi. Kwenye jina la prosesa ya Intel ya miaka ile, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6500 ni cha sita, i5-8500 ni cha nane. Kati ya hizo mbili usiangalie tofauti ya bei tu. Ya sita ina koa (sehemu zinazofanya kazi sambamba ndani ya prosesa) nne, ya nane ina sita, na Windows 11 huanzia rasmi kizazi cha nane. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Anayekuuzia i5-6500 kwa bei ya kuvutia leo anajua anachokitoa ghalani. Na usidanganyike kwamba utainunua hiyo halafu ubadilishe prosesa baadaye. Tundu la kizazi cha sita na la kizazi cha nane yanafanana kwa macho, yote yanaitwa LGA1151, lakini mazabodi ya zamani haiikubali prosesa mpya.

Njia ya pili, kujenga, ina faida moja kubwa: unaweza kukua. Kwa bajeti yetu ningekaa kwenye tundu la AM4 la AMD na prosesa ya Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye koa sita na matumizi ya wati 65, juu ya mazabodi ya B450 au B550. Mazabodi ya B450 iliyokaa stoo muda mrefu huenda ikahitaji BIOS mpya, programu ya ndani ya mazabodi, ndipo iitambue prosesa hiyo, na ukiwa Kigoma bila prosesa ya zamani ya kuazima utakwama. Mwambie muuzaji aiwashe na prosesa yako yenyewe ndani, aonyeshe picha kwenye kioo.

Hapo sasa lile swali la umbali linarudi. Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani yake. Intel zenye herufi F mwishoni, kama i3-12100F, nazo hazina. Kadi yako ikifa, kompyuta nzima ni giza mpaka kadi nyingine ipande basi. Ryzen 5 5600G ina kasi kidogo chini ya 5600, lakini ina grafiki yake, kwa hiyo unaweza kuanza bila kadi, ukacheza gemu nyepesi na kufanya kazi za shule huku unachanga. Mpwa wangu alinung'unika aliposikia "kasi kidogo chini." Mimi nilikuwa nafikiria majuma atakayokaa bila chochote siku kadi itakapogoma. Akichagua kujenga, nilimwambia, achukue 5600G au Intel isiyo na F.

Hatua ya 4: Kadi ya grafiki

Kwanza ile inayokaa kwenye mashine ya ofisi, bila waya wa ziada. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ndiyo utakayoiona kila mahali, ina GB 4 na inakula wati 75. GTX 1650 ya mwaka 2019 ina GB 4 na wati zilezile, lakini ina nguvu zaidi. Kuna sababu nyingine ya kuongeza pesa kidogo kwa 1650: NVIDIA ilikoma kutoa draiva (programu zinazoendesha kadi) za gemu mpya kwa kizazi cha GTX 10 Oktoba 2025, ikabakiza za usalama tu, wakati 1650 ni ya kizazi kinachofuata. Ukiweza kupanda zaidi kuna RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, inayokula wati 70. Sema "ya GB 6" kwa sauti, maana kuna RTX 3050 nyingine ya GB 8 inayokula wati 130 na kuhitaji waya wake. Hata kwa 1650, omba picha ya ubavu wa juu wa kadi, kwa sababu matoleo mengine yamewekewa tundu la waya ambalo mashine yako ya ofisi haina cha kulichomekea.

RX 6400 nayo inakula wati 53 tu na itakutamanisha. Iache kama mashine yako ni ya kizazi cha nane. Kadi hiyo hupita njia nne tu za PCIe, barabara ya data kati ya kadi na mazabodi, na ilitengenezwa kwa PCIe 4.0. Kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 njia hizo zinabana na fremu zinapungua.

Kwa aliyejenga na ana pawa saplai ya maana, chaguo langu ni RX 6600: GB 8, wati 132, ilitoka mwaka 2021, na kwa kioo cha 1080 haina shida na gemu nyingi za leo. GTX 1660 Super ya GB 6 inafuata nyuma yake. RX 580 ya GB 8 itakuja kwako kwa bei tamu sana. Ni kadi yenye nguvu, lakini ni ya mwaka 2017, inakula wati 185, inapasha chumba joto, na tangu mwaka 2023 AMD imepunguza draiva zake hadi marekebisho ya lazima. Tena kuna RX 580 iliyoandikwa 2048SP. RX 580 halisi ina vitengo 2,304 vya kukokotoa, na hiyo ya 2,048 kwa kweli ni RX 570 iliyovalishwa jina la kaka yake.

Kuna udanganyifu mbaya kuliko huo. Kadi za zamani sana huandikwa upya BIOS zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Kwenye Windows zinaonyesha jina hilo hilo, mpaka ufungue gemu. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z huzitambua nyingi, na huweka neno FAKE mbele ya jina. Usilipie kadi ya mtumba kabla hujaona dirisha la GPU-Z.

Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali zilimwagika sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022. Watu huziogopa kupita kiasi. Kilichochoka humo mara nyingi ni feni na pesti ya kupitisha joto iliyokauka, na vyote hubadilishwa. Kinachonitisha mimi ni kumbukumbu iliyoungua, nayo hujionyesha kwa nukta za rangi au mistari kioo kikiwa kwenye mzigo.

Mgawanyo wa pesa, kwa anayejenga

Bei hubadilika kila shehena, kwa hiyo nagawa kwa mafungu. Kwa kila shilingi 100 mimi huweka 35 kwenye kadi, 25 kwenye prosesa na mazabodi, 12 kwenye RAM, 10 kwenye SSD, 12 kwenye pawa saplai na 6 kwenye kasha. Mwenye 1,500,000 basi ana 525,000 ya kadi na 180,000 ya pawa saplai. UPS, monita na nauli ya mzigo viko nje ya mafungu haya, vitengee kabla hujaanza kugawa. Kasha likipungua bei, ziada iende kwenye pawa saplai, isiende kwenye taa za rangi.

Hatua ya 5: RAM na diski

GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8. Vipande viwili hufanya kazi sambamba, na kwa anayetegemea grafiki ya ndani kama ya 5600G tofauti yake na kipande kimoja inaonekana kwa macho. RAM ya kizazi cha zamani, DDR3, haiingii kwenye tundu la DDR4, na ya laptopu ni fupi, haiingii popote hapa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya duniani, kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazoa chipu za kumbukumbu. Mashine ya ofisi inayokuja na GB 16 ndani ina thamani kubwa kuliko wauzaji wengine wanavyodhani, na hiyo ni sababu nyingine ya njia ya kwanza.

Kwa diski, SSD ya GB 256 itajaa kwa Windows na gemu mbili. Lenga GB 480 au 512. Ya SATA inatosha kabisa kwa gemu. Usilipe zaidi kwa NVMe, aina yenye kasi zaidi, kama bei hazijakaribiana. Ikikufikia SSD ya "TB 2" kwa bei ya chakula cha wiki, ni ya uongo: huonyesha ukubwa huo, kisha ukishaijaza kidogo hufuta ulichoweka mwanzo. Programu ya H2testw huifichua kwa kuijaza yote na kuisoma tena.

Hatua ya 6: Kasha, vumbi na mjusi

Kasha lolote lenye feni moja mbele na moja nyuma litakufaa. Kiangazi vumbi letu jekundu huingia kila tundu, kwa hiyo funika feni ya mbele kwa kipande cha soksi nyembamba ndefu za kike, uzifue kila mwezi. Ziba pia nafasi wazi za nyuma zisizo na kadi. Mjusi kafiri hupenda joto la pawa saplai, na akigusa pasipostahili anakufa yeye na pawa saplai pamoja. Nimewatoa wawili kwa mkono wangu.

Hatua ya 7: Kupima kabla ya kulipa

Tafuta ndugu au rafiki wa kuaminika Dar es Salaam aende dukani, nawe uwe kwenye simu ya video. Pesa itoke baada ya mambo haya, kwa mpangilio huu. Mashine iwashwe ikiwa imezimwa kabisa, si kuikuta inawaka. Afungue CPU-Z aonyeshe prosesa na vipande vya RAM. Afungue GPU-Z. Afungue CrystalDiskInfo aonyeshe afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Kisha aendeshe FurMark, programu ya kuitwisha kadi mzigo, dakika 15, simu ikiwa karibu na feni ili usikie kama zinakwaruza, na kioo kikitazamwa kama kuna nukta. Muuzaji akikataa dakika 15, mshukuru mwondoke. Mwishoni apige picha namba za utambulisho (serial number) za kadi, mazabodi na pawa saplai, ili kinachofika Kigoma kiwe kile kile mlichopima.

Kadi isisafiri ikiwa imechomekwa. Mitikisiko ya njia nzima huivuta mpaka tundu lipasuke. Ichomolewe, ivalishwe mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, iwekwe kwenye boksi lake peke yake. Feni kubwa ya prosesa, ile nzito ya kusimama, nayo ifunguliwe. Ndani ya kasha pajazwe nguo au sponji, na boksi la nje liandikwe VIOO pande zote. Ongea na kondakta mwenyewe, lisipangwe chini ya magunia.

Hatua ya 8: Siku ya kuwasha

Mzigo ukifika asubuhi ya baridi ukiwa umefunikwa, uache ukae chumbani saa chache kabla ya kuwasha, unyevu ukauke. Rudisha kadi, sukuma mpaka usikie kifungo chake kikijibu, kaza skrubu. Waya wa monita chomeka kwenye kadi yenyewe, chini, usichomeke kwenye mazabodi. Kila mwezi naitwa nyumba moja kwa sababu "gemu inakwamakwama," nakuta waya uko kwenye mazabodi na kadi ya watu imelala. Ingia BIOS, washa XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, ili RAM ikimbie kwa kasi uliyoilipia, kisha weka draiva ya kadi kutoka kwa mtengenezaji wake.

Kilichobaki ni gemu zenyewe, na GB 100 kwa bando la simu ni pesa ya kipuri kizima. Mtafute mwenye gemu hiyo kwenye Steam hapa mjini, nenda na diski ya nje, nakili folda ya gemu kutoka steamapps, sehemu ya common, uiweke mahali pale pale kwenye mashine yako. Ukibonyeza kusakinisha kwa akaunti yako uliyonunulia gemu, Steam itakagua mafaili yaliyopo na kupakua yaliyopungua tu. Mpwa wangu alikuja na diski yake saa moja asubuhi, mvua ikinyesha, akiwa ameifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Tulinakili FC na GTA, akarudi Ujiji, na jioni alinipigia simu kuuliza kama ni kawaida UPS kulia umeme ukikatika. Nikamwambia hifadhi, zima, kisha chomoa, radi hiyo naisikia hata mimi huku.